Umumunyifu wa Baba

Jumamosi saa nne asubuhi, Mzee Desimali alitoka bafuni amejifunga taulo kiunoni, akapanda juu ya mizani ya chumbani, akangoja tarakimu zitulie, akasoma: kilo sitini na nne kamili. Kabla ya kuoga alikuwa kilo sitini na nne na gramu mia tatu na arobaini. Akafungua daftari lenye jalada jekundu, akaandika namba zote mbili, akapiga mstari chini yake kwa rula, kisha akavaa shati.

Bintiye alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba, siku hizi unajipima kabla na baada ya kuoga?"

"Wiki ya tisa hii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu napungua," alisema Mzee, akipokea kikombe. "Asante, mama. Sukari leo umepatia."

Jina la Desimali alipewa kazini. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti, na muda wote huo hakuwahi kupokea namba isiyo na nukta. Ukimwambia umechelewa dakika kumi, atakuuliza kumi na ngapi. Binti naye alikuwa fundi katika maabara ileile, kwenye meza ileile, mwaka wa kumi na moja sasa. Alifundishwa kusoma mizani kabla ya kusoma saa. Ndiyo maana hakupiga kelele. Mtu aliyelelewa na baba wa namna hiyo hashtukii namba. Huuliza kwanza imepimwa mara ngapi.

Alichukua daftari, akasoma safu zote tisa. Mia tatu thelathini na tano. Mia tatu arobaini na mbili. Mia tatu thelathini na nane. Jasho halina nidhamu hiyo, na vumbi nalo halina. Akaingia bafuni kutazama hodhi.

Lilikuwa hodhi la kuogea la chuma lililopakwa rangi nyeupe, refu kiasi cha mtu mzima kunyoosha miguu. Mzee alilinunua siku ya pili baada ya kustaafu, na kuliingiza ndani kulihitaji wanaume wanne na mlango kung'olewa. Maisha yake yote ya kazi alioga kwa ndoo, na kila alipojimwagia kopo la mwisho alijiahidi kwamba iko siku atalala ndani ya maji ya moto kama kiazi, asitoke mpaka mwenyewe apende. Ahadi hiyo aliitimiza. Kila Jumamosi, nusu saa, nyuzi arobaini, na kuimba juu yake. Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya, na hakuna mtu aliyewahi kumficha.

"Leo usiyaachie maji," binti alisema.

Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yamepoa, na chini ya hodhi palikuwa na tabaka jembamba la unga mweupe. Kwa karibu ulionekana ni visindano vidogo vinavyong'aa. Binti aliuchuja, akaukausha, akaupima: gramu arobaini na moja. Akaunusa. Ulinuka baba: sabuni ya kipande, penseli iliyochongwa, na kwa mbali sana, asetoni.

"Ni wewe," alisema.

"Nilidhani hivyo," alijibu Mzee.

Alimtazama vizuri, jambo ambalo watoto husahau kuwafanyia wazazi wao. Ncha za masikio zilikuwa zimekuwa mviringo. Visigino vilikuwa laini, na kwenye vidole mistari yote ilikuwa imefutika. Mzee alikuwa anaisha pande zote kwa usawa, kama kipande cha sabuni kinachotumiwa na mtu mwangalifu.

Sasa, kazi ya binti ilikuwa hiyohiyo: kupima umumunyifu. Kiwanda cha dawa kinaleta unga, kinataka kujua unga huo unayeyuka kiasi gani katika maji, katika spiriti, katika asetoni, katika tolueni, vimiminika vyenye mvuke mkali, kwa nyuzi kumi, ishirini, thelathini, mpaka hamsini. Unatia unga mwingi kuliko kimiminika kinavyoweza kumeza, ndani ya chupa ya kioo yenye kuta mbili. Maji ya joto ulilochagua yanazunguka kati ya kuta hizo. Unakoroga saa nyingi. Unaacha kukoroga, unga uliobaki unatua. Unavuta kimiminika cha juu kwa pipeti, mrija mwembamba wa kioo, unachuja, unakausha, unapima. Ndiyo kazi nzima. Inataka subira ya mtu anayengoja mtoto alale.

Hufanyika ndani ya kabati la kioo lenye feni juu yake, ili mvuke uvutwe nje usiingie kwenye mapafu ya watu. Kabati lilikuwapo. Feni nayo ilikuwapo. Mzee Desimali alipoajiriwa aliikuta imekufa, akaandika barua itengenezwe. Alipostaafu aliiacha imekufa vilevile, na faili la barua likiwa zito kuliko feni yenyewe. Binti alirithi kabati, kiti na faili.

Alimpima baba yake, kwa ule unga wa hodhini, saa za chakula cha mchana, kwa sababu taasisi ilikuwa kali sana kuhusu kazi binafsi na legelege kuhusu mengine yote. Kwa nyuzi kumi, lita moja ya maji iliyeyusha gramu moja nukta moja ya Mzee. Kwa ishirini, gramu tatu. Thelathini, nane. Arobaini, ishirini na moja. Katika mafuta ya kupikia hakuyeyuka hata chembe. Katika spiriti aliyeyuka mara kumi kuliko majini, na alipoelezwa hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana hakuwahi kuonja pombe maishani na siku zote alikuwa akitafuta sababu ya kuwapa rafiki zake. Chai ya moto ilipita tumboni mwake bila madhara yoyote. Hilo hakuna aliyelieleza.

Kisha binti akatafuta modeli. Ni mlinganyo wenye herufi tatu zisizojulikana. Ukishazipatia thamani kutokana na vipimo vyako, mlinganyo unakuambia kitu kitayeyuka kiasi gani hata katika joto ambalo hukulipima. Nukta nne za kwanza zilikaa juu ya mstari bila ubishi. Ya tano, ya nyuzi hamsini, iligoma. Mlinganyo ulisema gramu hamsini na tano. Mizani ikasema thelathini na nane. Akarudia, ikasema thelathini na nane. Akarudia tena, thelathini na nane. Akaupinda mlinganyo huku na huku mpaka ukaharibika kila mahali, ndipo akaibeba grafu mpaka nyumbani.

Mzee alivaa miwani.

"Hapa umenifanya nini?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya nukta iliyozama chini ya mstari.

"Ndivyo ulivyopimika, baba. Mara tatu."

"Basi mara tatu umekosea vilevile. Pipeti uliipasha moto?"

Hakuwa ameipasha. Pipeti baridi ikivuta kimiminika cha moto, unga huganda ndani ya kioo kabla haujafika kwenye chujio; sehemu ya jibu hubaki ndani ya pipeti, na wewe mwenyewe unakwenda kuisuuza. Lilikuwa jambo la kwanza Mzee kumkataza, siku yake ya kwanza kazini, na alikuwa amewakataza wengine kumi na wawili kabla yake.

"Umenimwaga kwenye sinki," alisema Mzee.

"Nisamehe, baba."

"Kiasi gani?"

"Kama robo gramu, jumla."

"Kama?"

"Gramu sifuri nukta mbili tano tano."

"Haya, nimesamehe. Hicho kiasi changu kimekwenda kutembea."

Kesho yake binti aliiweka pipeti kwenye oveni kwanza. Nukta ya tano ikapanda mahali pake, zote zikajipanga kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Hapo ndipo alipoweza kugawanya. Kwa kuoga maji mapya ya nyuzi arobaini kila wiki, Mzee alikuwa na Jumamosi mia moja themanini na nane, yaani miaka mitatu na nusu na ushee, na hizo za mwisho angekuwa saizi ya mtoto mchanga. Binti alirudia hesabu hiyo mara nyingi kuliko alivyorudia kipimo chochote. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Huyu ndiye aliyebaki, na alikuwa hataki kumpoteza hata kwa gramu.

Alikwenda kwa mkuu wa idara, ambaye wote walimwita Daktari, mtu mpole asiyewahi kupandisha sauti. Daktari aliitazama grafu muda mrefu.

"Umerudia mara ngapi?"

"Mara tatu kila nukta."

"Kazi safi kabisa. Na kilichoyeyushwa ni nini?"

"Baba."

"Mzee Desimali? Yule bwana alikuwa hodari sana. Nisalimie."

"Zitafika. Daktari, baba amevuta mvuke pale kwenye kabati miaka thelathini na moja, ndio uliomfanya awe hivi. Naomba mawili tu. Taasisi ikubali kwa maandishi kwamba haya yametokana na kazi. Na feni itengenezwe."

"Feni iko kwenye kamati," alisema Daktari.

"Tangu lini?"

"Kamati yenyewe bado haijaundwa. Lakini feni imo."

Akamtuma kwa afisa utumishi. Afisa utumishi alikuwa mtu wa msaada. Alitoa fomu ya madhara ya kazini, akaisoma pamoja naye mstari kwa mstari. Palikuwa na kuungua, kukatwa, kuanguka, kupigwa na umeme, na kung'atwa na mnyama.

"Kuyeyuka hakuna," alisema, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. "Tungeweza kuweka kung'atwa, lakini watauliza mnyama gani."

"Weka mengineyo."

"Mengineyo lazima asaini mfanyakazi aliyeko kazini. Yeye amestaafu. Wewe uko kazini, lakini si wewe uliyeyeyuka." Alifikiri kidogo, akampa fomu mbili tupu akae nazo.

Jioni hiyo binti aliweka mkoba mezani kwa kishindo.

"Asante ya punda ni mateke," alisema.

"Punda huyohuyo ndiye aliyekubeba mpaka chuoni," alijibu Mzee. "Mimi niliingia pale sina hata cheti kimoja. Walinipa ufagio, baadaye wakanipa mizani. Siwezi kuwatukana."

"Sikusema uwatukane. Nasema wanajua."

"Wanajua. Na mimi nilijua. Si niliandika barua?"

Shukrani za baba yake zilimuudhi binti kuliko fomu. Na bado alijua kwamba kila alichonacho, kuanzia viatu vya shule mpaka mikono isiyotetemeka mbele ya mizani, kilitoka kwenye shukrani hizohizo. Mtu hawezi kuukata mti huku akila matunda yake. Akavuta sahani, akala.

Wakakubaliana maji baridi. Ndoo moja, nyuzi kumi na nane, dakika tatu. Hasara, gramu mbili. Binti alipendekeza uvuguvugu, nyuzi ishirini na tano hivi, lakini Mzee alisema uvuguvugu ni wa kuloweka maharage. Alioga baridi bila kulalamika, na kila alipotoka alimwambia binti asante. Ila hakuimba. Alizoea kukaa kwenye ukingo wa hodhi tupu, taulo begani, akisoma magazeti ya zamani. Uso wake ukawa wa kijivu. Jumamosi ya tatu binti alimwambia maji ni kama nyuzi ishirini, naye Mzee akaitikia tu, akaingia kuoga. Hakuuliza ishirini na ngapi.

Hapo ndipo binti alipoogopa. Uzito wote ulikuwa pale kwenye mizani, haukupungua, lakini mwenye uzito alikuwa anaondoka kwa njia nyingine.

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, amesimama mbele ya chupa ya tolueni. Kikorogeo kilikuwa kinazunguka tangu alipofika kazini, na unga uliobaki chini ulikuwa uleule. Alikiacha kizunguke saa nyingine nzima. Uleule. Kimiminika kikishiba hakili tena, hata ukikibembeleza. Jambo hilo alilitazama kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja, na hapo ndipo mshahara wake ulipotoka, na hakuwahi kulipeleka nyumbani.

Siku hiyo aliomba ruhusa mapema.

"Baba," alisema hata kabla hajavua viatu, "ukioga kwenye maji ambayo tayari yamekushiba, hayatakula."

Mzee aliweka gazeti chini.

"Lita ngapi?"

"Mia moja."

"Nyuzi arobaini ni gramu ishirini na moja kwa lita. Kilo mbili na gramu mia moja." Akajishika tumbo, akilipima. "Mara moja tu?"

"Mara moja tu, kidogo kidogo kila Jumamosi. Ila maji yale hayamwagwi tena maisha. Na hizo kilo mbili zitakuwa zimetoka kwako kweli, baba. Masikio yatakuwa madogo zaidi."

"Masikio haya yamekwisha sikia ya kutosha."

"Nisipokuwa na hakika? Modeli ni modeli tu."

"Pipeti uliipasha?"

"Niliipasha."

"Basi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema Mzee, na alikuwa tayari anafungua vifungo vya shati.

Jumamosi ya kwanza alipoteza gramu mia tatu na arobaini. Ya pili, mia mbili na themanini na tano. Ya tatu, mia mbili na arobaini. Maji hayakutolewa. Kila wiki yalipopoa, unga ulitua chini kama theluji ya kwenye picha. Kila wiki binti aliyapasha upya kwa hita ya kutumbukiza, akaichomoa kwenye umeme, akayakoroga kwa mwiko mrefu mpaka unga wote ukayeyuka, ndipo akamruhusu mwenyewe aingie. Asingekoroga, maji yangekuwa na njaa, na yangemla mtu aliyeko badala ya yule aliyekwisha liwa. Sabuni ilipigwa marufuku ndani ya hodhi. Mzee alijisugua kwanza nje, kwa maji baridi, akilaani. Haba na haba hujaza kibaba. Gramu mia mbili, mia na sabini, mia na arobaini, wiki kadhaa mbele tisini, baadaye arobaini, mwishowe kumi na mbili.

Karibu na mwisho alioga mara moja kwa nyuzi arobaini na mbili, ili joto likirudi arobaini zibaki punje chache chini zisizoyeyuka. Binti alizitaka punje hizo azione kwa macho. Mradi kuna punje chini, maji yameshiba, na hakuna haja ya kuamini mlinganyo.

Jumamosi iliyofuata Mzee alipanda juu ya mizani: kilo sitini na moja na gramu mia sita na arobaini. Akaingia majini, akakaa dakika arobaini na tano. Akatoka, akajikausha hadi katikati ya vidole, akapanda tena. Kilo sitini na moja na gramu mia sita na arobaini.

"Rudia," alisema.

Alishuka, akapanda. Akashuka, akapanda. Namba haikusogea. Aliandika kwenye daftari, akapiga mstari kwa rula, halafu akarudi majini kwa sababu hakuona sababu ya kutorudi, na safari hiyo akaimba. Binti aliisikiliza ile sauti mbaya akiwa jikoni, mikono imelowa maji ya vyombo, na akashukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru baba, akaishukuru tolueni. Alishukuru hata zile kilo mbili, ambazo sasa zilikuwa zimemzunguka mwenyewe na kumpa joto. Hakuwahi kuwa na furaha kubwa namna hiyo juu ya sifuri.

Habari zilifika kazini. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana Daktari alikuja kuwatembelea, amebeba pakiti ya biskuti na ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko. Alizungushwa, akaonyeshwa hodhi, akachovya kipimajoto.

"Ni kiambata kipya cha kikemia," alisema kwa heshima. "Hakimo kwenye kitabu chochote. Mzee, ungetupatia sampuli, taasisi ingekukumbuka."

"Baba, usiwape," binti alisema palepale mbele ya mgeni.

"Wape," alisema Mzee. "Sampuli haina kinyongo."

"Ni gramu mia nne na ishirini zako!"

"Si zimeshatoka? Na maji yaliyobaki yatapungua wingi, lakini shibe yake ni ileile. Au nimekosea, Fundi?"

Hakuwa amekosea. Binti aliyapasha maji na kuyakoroga, akayateka mwenyewe, kwa kopo, ili yasimwagike, na Daktari akaipakia ndoo kwenye gari akaifunga mkanda wa abiria. Tangu siku hiyo hodhi lilikuwa na lita themanini. Kuongeza maji mapya kungemgharimu Mzee gramu nyingine mia nne na ishirini, kwa hiyo alilala humo magoti yakiwa nje, yamefunikwa taulo. Aliimba hivyohivyo.

Baada ya miezi minne bahasha ilifika. Ndani yake mlikuwa na makala iliyochapishwa katika jarida la wataalamu: *Umumunyifu wa Kiambata M-31 katika Maji na Spiriti: Vipimo na Modeli*. Mwandishi alikuwa Daktari, peke yake. Grafu ilikuwa ya binti, na nukta zake tano, na hata aya nzima kuhusu umuhimu wa kupasha moto pipeti. Mzee aliisoma akiwa ndani ya hodhi, mikono ameinua juu ili karatasi isilowe, na binti akiwa kwenye kigoda pembeni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa kidogo kilichoandikwa Shukrani.

"'Mwandishi anaushukuru kwa dhati uongozi wa taasisi,'" Mzee alisoma, "'kwa kuweka mazingira ya kazi yaliyowezesha sampuli hii kupatikana.'"

"Soma tena."

Alisoma tena, polepole, mpaka kwenye nukta. Kisha akaishusha karatasi, akafikiri kama alivyokuwa akifikiri juu ya kila kipimo alicholetewa maishani.

"Hajakosea," alisema. "Bila mazingira yale nisingepatikana."

Binti alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa hodhi, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na machozi yakaanza kumtiririka kidevuni.

"Sogea, mama, usidondoshee humu," alisema Mzee, akimsukuma bega taratibu kwa mkono uliolowa. "Hayo ni maji mapya. Yatanila."

Akasogea. Baba akampa pembe ya taulo la magotini ajifute, na magoti yakakaa wazi muda wote ule.

Jumatatu binti alikwenda kazini kama kawaida. Mwenzake wa meza ya pili, kijana mwenye watoto wawili, alikuwa tayari amevaa koti jeupe. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini asubuhi hiyo hakutania. Alingoja mpaka wengine walipotoka kuchukua vifaa stoo.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "lile hodhi la Mzee linaingia lita ngapi?"

Binti alimtazama vidole. Kijana alivikunja kidogo, halafu akavikunjua, akamwachia avione. Vilikuwa laini, havina mstari.

"Mia moja," alisema. "Lakini usilijaze. Anza na sitini, yatashiba upesi, na utatoka kidogo."

"Na sabuni?"

"Marufuku. Na watoto wasije wakachomoa kizibo."

"Nitakiziba kwa saruji." Kijana alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. "Asante sana, dada. Mke wangu hakuwa akilala. Mwambie na Mzee, tunamshukuru sana. Bila yeye tusingejua pa kuanzia."

"Nitamwambia. Atafurahi."

"Na wewe je?"

"La kwangu linaletwa Alhamisi," alisema binti.

Kijana akaitikia kwa kichwa, akamshikia mlango wa kabati, na binti akafungua chupa mpya ya asetoni.